Fremu ya Vita vya Kagera

Jumatatu, 3 Septemba 1979
Jumamosi kijiji chetu cha Masaki kinachagua meneja wa duka. Lazima niwe mimi! Meneja ndiye anayejua sukari inafika lini. Tatizo ni Silvanus. Karudi kutoka vitani Kagera juzi tu, na wazee wanampisha kiti. Mimi sikwenda. Mguu. Nadhani ulikuwa wa kushoto.

Nimepata wazo. Nitaipa ofisi ya kijiji fremu kubwa: masalia ya uwanja wa vita, katikati picha ya jenerali.

Jumanne, 4 Septemba
Maganda matano ya risasi, nimeyaokota mgambo wanapojifunzia shabaha. Kifungo cha koti langu la harusi. Kipande cha kifaru, yaani jembe la mke wangu, Mwanahalima. Kalitafuta asubuhi nzima. Nimemsaidia kutafuta.

Jenerali kanisumbua. Mpiga picha wa Kisarawe hana jenerali. Ana mpiga tarumbeta wa bendi, sare kamili, picha ambayo mwenyewe hakuifuata. Tarumbeta nimeliondoa kwa wembe. Mashavu yamebaki yamevimba. Safi! Jenerali mwenye hasira.

Alhamisi, 6 Septemba
Nimekabidhi fremu mkutanoni. Nimesema binamu yangu aliyeko mpakani ndiye anayeniletea vitu hivi. Mwenyekiti kapiga makofi. Jirani yetu Bibi Biasha kamwamkia jenerali shikamoo. Silvanus akatazama sana, nikatokwa jasho. Kumbe mjinga! Akanipongeza. Akasema wao waliopigana wamerudi mikono mitupu, mimi naletewa hadi nyumbani. Akauliza, kwa upole kabisa, redio za Uganda nimeziweka wapi. Watu wakacheka. Nami nikacheka na kukonyeza jicho, nionekane mtu mzito.

Ijumaa, 7 Septemba
Tangu alfajiri watu wako mlangoni. Huyu anataka redio, yule godoro. Bibi Biasha anataka cherehani na anaapa hatamwambia mtu. Nikikana, wananikonyeza.

Baada ya sala kaja Mwenyekiti na mgambo wawili kutafuta mali ya magendo. Redio hawakuona hata moja. Wameona sabuni, miche ishirini na miwili, chini ya kitanda. Nimeeleza kwamba ni akiba, ili nikishakuwa meneja duka lisikose bidhaa. Maelezo yameharibu zaidi.

Mwanahalima, anayefulia majani ya mpapai tangu Ramadhani, hasemi nami. Kwa kweli nimeona aibu.

Jumapili, 9 Septemba
Silvanus ndiye meneja. Jina langu halikusomwa hata kwa bahati mbaya. Leo sabuni yangu imeuzwa dukani kwake, nami nikapanga foleni kununua mche mmoja. Mwanahalima kanikataza kuubeba, kaubeba mwenyewe. Inauma!

Fremu wamenirudishia. Nimeitazama mchana kutwa, na kosa nimeliona: vita hivi ni vipya mno, walioviona ni wengi. Vita vya Mjerumani je? Waliopigana wamebaki vikongwe wawili, na wote hawaoni vizuri. Jenerali nitamchora masharubu. Kijiji cha Marui, nasikia, wanatafuta karani wa ghala.