Nyonga Zangu na Mpira wa Nje

Jumatatu, tarehe 4
Timu ya besiboli ya kiwanda chetu cha samani imebakiza nafasi moja. Tunaoigombea ni wawili: mimi, mpiga msasa, na Kipara wa stoo. Kocha, ambaye kazini ni fundi vitanda, ataamua Jumamosi kwenye majaribio. Mke wangu nimeshamwambia kwamba nimechaguliwa. Naye kamwambia mama mkwe. Mama mkwe kawaambia majirani.

Jumanne, tarehe 5
Mazoezi. Kocha kaeleza kwamba mpira wa ndani, unaokuja karibu na mwili, unaupiga mapema kwa kuzungusha nyonga. Wa nje, unaopita mbali nawe, unausubiri ukufikie, kisha unaupeleka kulia. Wa chini, unakunja magoti. Wa ndani nauweza. Wa nje napiga hewa. Kusubiri! Kipara kabaki juani kurudia wa nje. Maskini.

Jumatano, tarehe 6
Nimepata njia. Atakayeturushia mipira Jumamosi ni shemeji, kaka wa mke wangu, mpaka rangi wa kiwandani. Wakati wa chakula nimemnong'oneza aliyekaa kando yangu, kwa sauti ya kufika meza ya shemeji, kwamba mipira ya ndani inanitia kiwewe. Shemeji kaacha kutafuna. Amenasa: sasa atanirushia ya ndani tupu.

Alhamisi, tarehe 7
Mazoezini sikwenda. Ya nini? Nimezungusha nyonga sebuleni, gongo la kupigia mpira mkononi. Taa ya mezani haipo tena. Mke wangu kauliza kama timu nzima inacheza hivi. Nimemjibu kwamba tunaoweza ni wachache.

Jumamosi, tarehe 9
Wa kwanza, nje. Wa pili, nje. Yote nje! Nimezungusha nyonga hadi nikakaa chini, mbele ya mama mkwe na majirani zake. Zamu ya mwisho nilikuwa hoi, gongo likachelewa, mpira ukaruka kulia hadi ukuta wa stoo. Kocha kasema ndicho alichonifundisha Jumanne. Bahati tu. Kipara kapiga sita hivyo hivyo, kapewa nafasi. Mimi ni wa akiba, hadi majaribio ya mwezi ujao.
Nikamfuata shemeji, nikamuuliza mbona hakurusha hata mmoja wa ndani. Akanishika bega.
"Nilisikia unavyoiogopa, shemeji. Ningekutishaje mbele ya mama?"
Mtu mwema ni hatari.

Jumapili, tarehe 10
Kocha kaniita nije Jumanne kujifunza kusubiri. Nimemwambia mgongo unauma. Kosa langu nimeshaliona: nilitaja mpira usiofaa. Mchana, kwa mama mkwe, nimemweleza shemeji kwamba kumbe hata wa nje naogopa. Kaweka kijiko chini, kafikiri sana, kaniahidi kwamba mwezi ujao atanirushia wa chini tupu.
Wa chini sijaugusa maishani. Lakini akili ninayo. Nimemwambia papo hapo kwamba huo ndio naupenda kuliko yote. Sasa hatathubutu kuurusha.