Pete ya Kumpima Wafula

Jumatano, 9 Julai

Nimenunua pete kwa Yurub, muuza shanga wa hapa Kayole. Jiwe lake hubadilika rangi. Amesema ni joto la kidole tu. Mimi najua ni joto la moyo. Kwangu imekuwa buluu kama anga baada ya mvua. Sikushangaa.

Jumamosi watu wa Wafula wanakuja kumposa mjukuu wangu Njoki. Mtoto niliyembeba kwa mgongo huu simkabidhi mwongo. Kwanza nimpime.

Alhamisi, 10 Julai

Wafula amepita kunisalimia. Anauza samaki, mikono ilikuwa imetoka kwenye barafu. Nikamvisha. Jiwe jeusi ti, masizi ya sufuria. Nikamwambia wazee wake wasijisumbue.

Njoki amekataa kula. Ameniuliza mimi bibi yake, cucu, unaniozesha au unanizika? Na Teresiah, jirani wa mlango wa pili, ameshatangaza kwenye ngazi zote za ploti hii tunayopanga kwamba nimemkosesha mtoto mume.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeenda kumsifia Yurub pete yake. Akacheka mpaka akashika ukuta. Mama, umempima mtu wa barafu?

Akaiweka kwenye kikombe cha chai. Kahawia, kijani, buluu. Akaigusisha soda ya friji. Nyeusi tena. Anasema chini ya kioo kuna fuwele laini, zimejipanga kwa msokoto. Joto likikaza msokoto, mwanga unaorudi ni wa buluu. Baridi ikiulegeza, unarudi mwekundu, kisha haurudi kabisa, unabaki kuona weusi wa chini.

Darasa la sayansi sikulikanyaga, lakini katani nimeisokota juu ya paja hili tangu utoto, na ukikaza uzi, kikapu cha kiondo hubadilika sura. Lakini huyu aliyesokota mwanga ni nani? Nimelitazama jiwe mpaka chai ya Yurub ikapoa.

Nikapitia kwa Wafula. Msamaha sikuomba. Nimemwambia kesho aje na watu wake, na aoge maji moto.

Jumamosi, 12 Julai

Wageni walipoketi nikawanawisha mikono mwenyewe. Maji moto hasa. Shangazi yake Wafula akauliza kama nanyonyoa kuku.

Kisha nikapitisha pete. Wafula, buluu. Vigelegele. Shangazi, buluu. Hata Teresiah, buluu, na huyo hapendi hata kivuli chake.

Shangazi akataka na mimi niivae. Nilikuwa nimetoka kugawa soda baridi. Nyeusi. Akasema mbele ya wote, kumbe wa kuchunguzwa ni bibi. Njoki alicheka mpaka machozi. Posa imepokelewa.

Jumapili, 13 Julai

Nimelifikiria kanisani wakati wa mahubiri. Jambo liko wazi. Buluu ya Wafula ilikuwa mapenzi. Ya Teresiah ilikuwa maji. Weusi wangu ulikuwa soda. Pete ni ya haki kabisa.

Ng'ang'a, mwenye nyumba, ameapa maji ya mfereji yatarudi wiki hii. Kesho alfajiri, baridi ikiwa bado kali, nitamvisha. Tutamjua.