Nusu ya Juu ya Kabati la Bibi

Jumatatu, 5 Oktoba 1953
Mvua. Mji wote wa Ludlow umelowa. Nimelitazama kabati la marehemu bibi yangu: mahogani tupu, umri miaka mia mbili, na kichwa wazi! Droo za chini ninazo mimi. Nusu ya juu, ile ya milango ya vioo, shangazi aliiuza nikiwa na miaka tisa. Sasa iko kwa Bi Hester Lovibond, mjane wa mtaa wa pili. Amepanga mabirika humo! Miaka arobaini naitamani. Nikinusa nta ya kung'arishia mbao, naiona ile milango.

Jumanne, 6 Oktoba
Nimejaza mfuko vumbi la msumeno kwa fundi majeneza. Bi Hester alipokwenda kuchemsha chai, nikalimwaga chini ya kabati. Aliporudi nikapiga ukelele: masikini, wadudu wanalimaliza! Nikalisema vibaya sana kabati lile, kisha nikajitolea kumwondolea balaa hilo bure. Akainama, akachovya kidole. Akauliza tangu lini mahogani ikatoa unga mweupe, Bwana Tapscott. Lo! Nimekimbia, kofia nimeiacha.

Ijumaa, 9 Oktoba
Nimepata! Wauza samani kabati la nusu mbili zisizozaliwa pamoja huliita "ndoa". Basi mimi nitaoa ili nusu zilizozaliwa pamoja zikutane. Nimepiga magoti. Magoti yakalia. Hester akalia, kisha akacheka. Eti mwanamume anayebeba vumbi mfukoni apate kisingizio cha kumtembelea mjane, huyo hapatikani mara mbili. Kumbe ameningoja miaka sita! Nimekula vipande vitatu vya keki yake ya mbegu za kisibiti. Mkono wake una joto. Hilo sikulitarajia.

Jumamosi, 10 Oktoba
Nimefika na futi ya kupimia. Ukuta mtupu! Hester kwa furaha akanieleza: si nililichukia lile kabati? Basi asubuhi amempa Gedge, muuza samani za kale, ili tuanze maisha bila kinyongo. Nililia. Akanifuta machozi kwa aproni, akidhani ni mapenzi. Nilitaka kusema kweli, nikaishia kuulizia keki.

Jumapili, 11 Oktoba
Ndoa yetu imetangazwa kanisani. Hester akanibana mkono. Nikafurahi, wallahi nilifurahi. Ila Gedge alikaa mbele yetu. Nikakitazama kisogo chake, nikaviwaza vile vioo mpaka wimbo ukanipita. Kesho nitampitia dukani, kumjulia hali tu. Vumbi liko tayari mfukoni. Safari hii jekundu, mahogani halisi. Nimelikwangua mwenyewe kwenye droo za bibi.