Hotuba ya Mkurugenzi Siku ya Kuzindua Gari la Waya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi. Viongozi wenzangu mlioko kivulini na wananchi wangu mlioko juani. Mke wangu mpenzi. Mama mkwe wangu uliyeketi safu ya mbele na mkoba magotini. Wanangu, shukeni kutoka juu ya hiyo spika. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mkurugenzi anasubiri yaongezeke. Hayaongezeki.)

Nimesimama mbele yenu kama Mkurugenzi wa Matembezi ya Familia, Ndani na Nje, kuzindua rasmi Gari la Waya, chombo cha kisasa cha kuning'inia kwenye nyaya kitakachoichukua familia kutoka hapa chini na kuifikisha kileleni mwa kilima chetu bila jasho, bila ugomvi na bila mtoto kubebwa mgongoni, ili ijionee mji wetu wote kwa mkupuo mmoja, kuanzia mabati ya soko hadi lile ziwa la upande wa pili, ambalo wengi wenu mmezaliwa hapa na hamjawahi kuliona. (Vigelegele. Mama mmoja mshonaji, aliyefunga duka lake asubuhi ili aje, anamnyanyua mwanawe aone vizuri.)

Ndugu wananchi, wazo hili halikuota lenyewe kama uyoga. Lilitokana na mchakato shirikishi, upembuzi yakinifu, mpango mkakati na, kwa namna ya pekee, ziara ya mafunzo ughaibuni, ambayo mimi kwa moyo wa kujitolea nilikubali kuifanya pamoja na mke wangu, wanangu na mama mkwe, kwa sababu huwezi kutafiti utalii wa familia ukiwa peke yako; hilo hata kisayansi halikubaliki. (Kicheko. Mkurugenzi anakipokea kama pongezi.) Na takwimu zinajieleza: asilimia themanini ya wasafiri wote waliofanyiwa utafiti walirudi na furaha. Asilimia iliyobaki ni mke wangu.

Sasa nitoe elimu. Kwanza kabisa, mnaposafiri na mtu mzima, mwacheni avae viatu alivyovizoea. Mimi nilimkataza mama mkwe kuvaa malapa yake, nikamnunulia viatu vya kung'aa vyenye kisigino, nikamwambia, "Mama, sasa wewe ni mjumbe." Akanijibu, "Baba, miguu yangu haijui kama ni mjumbe." Nilicheka sana, maana nilidhani ni utani.

Tulipofika kule tukaingia jumba la makumbusho, jumba la haja, vyumba vinafuatana kama mabehewa ya treni. Kwa kuwa ripoti inahitaji ushahidi wa picha, nikawa nasimama kando ya kila sanamu, mke wangu ananipiga picha, wanangu wanamvuta sketi wanataka choo. Ndipo mke wangu akashusha kamera.

"Mama yuko wapi?"

"Si yuko na wewe?"

"Na mimi? Mimi nimekushikia kamera tangu asubuhi!"

Ndugu zangu, mama hana simu. Pasi yake ya kusafiria iko mfukoni mwangu. Lugha ya pale hajui hata salamu. Tukarudi chumba hadi chumba, mimi nikiita "Mama! Mama!" mpaka wazee wa watu wanageuka, na mke wangu nyuma yangu ananiambia kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu, "Nikimkosa mama yangu katika nchi ya watu, usihangaike kurudi nyumbani." Hapo, waheshimiwa, cheo chote kilinitoka nikabaki na jasho tu. (Hata watoto wametulia.)

Tukakuta watu wamejazana mlangoni mwa chumba kimoja wanapiga picha. Nikapenya. Mama mkwe amelala fofofo kwenye kitanda cha mfalme, ndani ya ile kamba nyekundu ya kuzuia watu, viatu amevipanga vizuri chini. Mlinzi, baba mtu mzima kama yeye, amesimama kando ameweka kidole mdomoni, anawanyamazisha watalii wasimwamshe bibi wa watu. Wengine walidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Mama," nikamwita taratibu, "hiki ni kitanda cha mfalme."

Akafungua jicho moja. "Basi alikuwa analala pagumu, maskini."

(Kicheko kikubwa. Mama mkwe, kutoka safu ya mbele: "Sema na vile viatu viliishia wapi!") Viliishia kwenye pipa la hotelini, mama, hilo limo katika kiambatisho. Fundisho la kitaalamu: kabla hamjaingia popote, chagueni mahali pa kukutana mkipotezana, kila mtu abebe karatasi yenye anwani ya hoteli, na baba wa familia asipigwe picha zaidi ya sanamu zenyewe.

Siku ya mwisho tukapanda gari la waya la wenzetu. Wanangu walipiga kelele, mke wangu akafumba macho, mimi nikashika chuma kwa niaba ya taifa. Mama mkwe alibandika uso kwenye kioo. Tulipofika juu akauliza, "Hivi na kwetu pangeonekana hivi?" Nikamwambia, "Mama, nitakujengea." Na leo, ndugu wananchi, ndiyo leo! (Makofi mazito kwa mara ya kwanza. Mshonaji anauliza kwa sauti: "Mheshimiwa, tunapandia wapi?")

Swali zuri, linaonyesha mwamko wa wadau. (Mama mkwe anasimama: "Baba, hata mimi nauliza. Uliniahidi. Liko wapi?")

Mama, tafadhali kaa, kuna kamera. Gari liko. Yaani, kwa lugha ya kitaalamu, liko katika hatua za awali za kuwepo. (Minong'ono. Mama mkwe anatundika mkoba begani, anamshika mkono mtoto wa mshonaji, anaelekea kwenye njia ya miguu ya kupanda kilima. Wajukuu wanamfuata. Mshonaji anafuata. Safu ya pili inafuata.)

Tumalizie na kaulimbiu, na muitikie kwa nguvu! Familia! (Sauti chache, kwa mbali: "Itembee!") Gari la Waya! (Kimya.) Hapo mnasema "Juu kwa juu!" Haya, kaulimbiu mmeichukua, mtaiitikia njiani.

Niwashukuru wahandisi ambao tungewaajiri. Nimshukuru mwenye kiwanda cha nyaya, ambaye siku tutakayompata atafurahi sana. Kipekee nimshukuru mchoraji wa hili turubai nyuma yangu, aliyelichora gari letu kwa ustadi mkubwa hata mimi mwenyewe juzi nilipapasa nikitafuta mlango. (Kutoka kilimani, sauti ya mama mkwe: "Njooni! Ziwa linaonekana lote!" Vigelegele huko juu. Wanakamati wanatoka kivulini mmoja mmoja, wanapandisha.)

Na iandikwe kwenye ripoti kwamba, katika dakika chache tu za uzinduzi, idadi ya wageni kileleni imepanda kuliko wakati wowote. Asanteni sana kwa kuja kwa wingi, na kwa kuondoka kwa wingi. Sasa nakata utepe. Jamani, abaki hata mtu mmoja anishikie ncha ya pili.