Rael wa Sufuriani

Kifuniko cha sufuria kilianza kutetemeka gizani, trr, trr, kama meno ya mtu aliyenyeshewa. Majogoo wa Kangemi walikuwa bado hawajafungua mdomo. Lazarus Ochola alinyoosha mkono kutoka kitandani, akaivuta sufuria kutoka chini ya meza na kuifunua. Ndani hamkuwa na maharagwe wala kiporo cha ugali. Mlikuwa na simu kumi na moja za bei ya chini, zimelazwa ubavu kwa ubavu kama dagaa. Kila simu ilibandikwa plasta mgongoni, na kila plasta ilikuwa na jina la mwanamke.

"Nani ameamka?" aliuliza Ivyne, bintiye wa miaka mitano, kutoka upande wa ukutani.

"Ni Rael. Lala, mama."

Tuelewane mapema: Lazarus hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Lazarus alifunguliwa mlango, akawekewa kiti, akaongezwa sukari.

Wiki tano kabla ya hapo alikuwa amesimama Muthangari, kwenye kibanda cha mboga cha Mama Waringa, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na Mama Waringa alikuwa akiigombeza simu yake kama mtoto aliyemwaga maziwa.

"Wanachama sitini, na wote kimya! Nikiandika, wanasoma, halafu wanajificha. Na ile ofisi ya wafadhili ya Upper Hill imesema cherehani zitakuja wakiona wanawake arobaini wakizungumza kwenye kikundi cha WhatsApp. Arobaini! Mimi naongea peke yangu kama redio."

Masikio ya Lazarus yalisimama.

"Mama, hapo unahitaji mhamasishaji," alisema, akiokota nyanya iliyoanguka na kuipangusa kwa heshima zote. "Hiyo ndiyo kazi yangu. Matajiri wa Spring Valley hawasalimiani hata getini, lakini mimi niliwaongelesha."

"Na wewe unataka nini?"

Lazarus alielekeza kidevu kwenye kibanda cha jirani, cha buluu, kitupu, kilichofungwa kufuli. Miaka saba alikuwa ametengeneza simu za watu mjini, kwenye kimeza cha kukunja kando ya barabara, na kila mara askari wa kaunti walipotokea alikunja kimeza na kukimbia na simu za wateja mfukoni. Alitaka paa. Alitaka kukaa chini mahali na kuwa na uhakika kwamba atainuka akipenda.

"Ufunguo wa hicho. Mwaka mmoja bila kodi."

Mama Waringa alimpima kwa macho. "Sawa. Atakayewaamsha hawa wanawake nitampa ufunguo, hata akiwa nani."

Yale maneno matatu ya mwisho yalimpita Lazarus sikioni yakaenda zao.

Wiki hiyo hiyo wanawake kumi na mmoja wapya walijiunga na kikundi. Mchangamfu kuliko wote alikuwa Rael, mwenye mimba ya kwanza na maswali yasiyoisha. *Wapendwa, miguu imevimba kama mikate. Nifanye nini?*

Lo! Nani angenyamaza? Hakuna mama duniani anayeweza kusoma swali kama hilo akaendelea kukata sukuma wiki. Wengine walisema aache chumvi, wengine ainue miguu, wengine waliuliza mume yuko wapi. Kufikia Jumapili wanawake wa kweli ishirini walikuwa wakigombana kama mja mzito anafaa kula mayai. Mama Mutiso, ambaye hakuwahi kuandika hata "amina", alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba. Lazarus mwenyewe alianza kuinua miguu juu ya mtungi kila jioni, na lazima tuseme ukweli, ilimsaidia.

Wiki ya tano idadi ilitimia arobaini: ishirini na tisa wenye damu na kumi na mmoja wa sufuriani. Kwa furaha, Mama Waringa akaita mkutano wa kuonana ana kwa ana.

Wale kumi wengine wa sufuriani walipata udhuru upesi: matanga, zamu ya hospitali, mafua. Rael alihitaji udhuru mkubwa zaidi, kwa kuwa alipendwa. Lazarus akaandika: *Nimejifungua salama. Msichana.*

Alidhani amefunga mlango, kumbe amelifungua geti lote.

*Tunakuja kumwona mtoto!*

*Mtoto ana mafua,* aliandika Rael.

*Tutanawa mikono.*

*Sijisikii kuona wageni.*

*Huo ni uchovu wa uzazi unaongea, si wewe. Tunaleta njahi, maharagwe meusi ya kumwongezea mzazi maziwa. Mhamasishaji atatuonyesha njia.*

Lazarus alibisha kwa Nyakio, jirani yake wa mlango wa pili, aliyekuwa na mtoto wa wiki tatu.

"Baba Ivyne, yaani niitwe Rael?"

"Saa mbili tu, jirani. Unakaa, unashika mtoto, unasema asante. Watakavyoleta vyote ni vyako."

"Na kuku?"

"Na kuku."

"Na wakiniuliza kitu?"

"Lia kidogo. Mzazi akilia, hakuna anayeuliza tena."

Nyakio akaomba asome kwanza yale mazungumzo, ajue Rael ni mtu wa namna gani. Alicheka mpaka mtoto akaamka. Kisha akaweka kidole kwenye ujumbe mmoja. "Hapa pa kukausha kitovu cha mtoto," alisema polepole, "ningepajua mapema singekesha nikilia. Mimi hakuna aliyekuja kuniona, Baba Ivyne."

Lazarus alijikuna shingo, akasema atamletea maji.

Asubuhi ya ziara Mama Waringa aliweka kura kwenye kikundi: *Nani ametuamsha?* Majina yalikuwa mawili, Lazarus na Rael. Lazarus alifikiri sana. Sufuria nzima kumpigia mhamasishaji kura kungenuka. Akawaamuru wanawake wake wote kumi na mmoja wampigie Rael, akajipongeza kwa unyenyekevu wake.

Saa nane wakaja, kumi na sita, wakajaza ujia wa ploti kwa leso na thamosi za uji wa wimbi. Chumbani kwa Nyakio waliketi kitandani, kwenye mitungi, mlangoni. Mtoto alipitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja akampata na pua ya mtu anayemfahamu. Nyakio alipowekewa sahani ya njahi mapajani, alilia, na Lazarus peke yake ndiye aliyejua kwamba hapo hapakuwa na mchezo.

Mama Waringa akasimama, akakohoa kirasmi.

"Nilisema atakayewaamsha wanawake nitampa ufunguo wa kibanda." Lazarus alinyoosha kola. "Mhamasishaji wetu amepata kura kumi na sita. Tumpigie makofi. Rael amepata ishirini na nne."

Lazarus hakuhitaji kalamu. Ishirini na nne ukitoa sufuria ni kumi na tatu.

"Lakini mwenyekiti, si tulikubaliana..."

"Nilisema hata akiwa nani. Ama una neno juu ya Rael?"

Alikuwa nalo, refu sana. Alimtazama Nyakio kwa jicho la kusihi. Nyakio aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, akaufunga kwenye pindo la leso, fundo la kwanza, kisha la pili.

"Asante, ndugu mhamasishaji," alisema, macho bado yamelowa. "Bila wewe singekuwa na kikundi."

"Tabasamu, Rael!" Mama Waringa akampiga picha na mtoto. "Hiyo nakutumia sasa hivi."

Picha ikaenda. Simu ya Nyakio, iliyokuwa mezani machoni pa wote, ilikaa kimya.

Ng'ambo ya ukuta wa mabati kitu kikasema: trr, trr.

Vichwa kumi na sita viligeukia ukuta, kisha vikamgeukia Lazarus.

"Panya," alisema Lazarus. "Ploti hii ina panya wakubwa."

Ivyne, aliyekuwa chini na chapati mkononi, alimeza kwanza kama alivyofunzwa.

"Simu ya Rael iko kwenye sufuria yetu."