Kicheko cha Abigael, Wimbo wa Tatu

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Mvua. Mvua tena. Watu wanaiita El Nino kana kwamba ni mgeni wa heshima. Lori la majani limekwama kwenye matope huko chini Kapsoit, chai yangu imelala kituoni mpaka ikawa nyeusi, na mimi nimelala bila mke. Abigael bado yuko kwa babake Kabianga. Ng'ombe akivunjika mguu hurejea zizini. Huyu wangu amevunjika moyo.

Na kosa lenyewe dogo! Nilitaka kaseti ya kurekodi hotuba yangu ya kugombea kamati ya kituo cha majani. Kaseti iliyokuwa karibu ni ile. Ile ya Northern Kettles, bendi ya Wazungu wenye gitaa, kinanda na nywele nyingi, ambayo tulinakili mwaka 1986 tukiwa bado tunachumbiana. Katika wimbo wa tatu gitaa linanyamaza kidogo, na hapo Abigael anasikika akicheka. Miaka yote tumekuwa tukiicheza Jumapili baada ya kanisa, tukingojea hapo tu. Sasa hapo nasikika mimi nikiahidi mizani ya haki. Kura nilipata mbili. Moja yangu. Ya pili naamini ilikuwa ya Abigael, kabla hajaisikiliza kaseti.

Ujumbe wake ameuleta kaka yake, Kipngetich. Atarudi siku nitakayoenda kwao mikono mitupu na kusema nisamehe mbele ya babake. Nikichelewa, mzee ameshampimia kipande cha shamba apande chai yake mwenyewe. Hapo nilikaa chini. Mtu akishapanda chai mahali, hapo ndipo atakapozeekea.

Lakini mikono mitupu kwa mkwe! Mkono mtupu haulambwi. Lazima ni mtego.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeokoka! Peterson, yule Mkikuyu mwenye duka la redio Kapsoit, ameniambia Northern Kettles wametolewa upya kwenye sidii, ile sahani ndogo inayong'aa. Eti mafundi huko ng'ambo wamerudia kanda za kwanza kabisa wakasafisha sauti yote, kila chombo peke yake. Nikamuuliza, sauti yote? Akasema yote. Basi na Abigael amesafishwa! Nitamrudishia kicheko chake kikiwa kipya kuliko alivyokicheka.

Peterson alitaka jogoo wangu. Nikampa. Akaona nimempa haraka, akataka na kuku. Amepata. Mtu huyu hajawahi kunipotosha hata mara moja.

Stima imepotea, kwa hivyo hatukuisikiliza. Nimelala na sidii chini ya mto.

Alhamisi, 6 Novemba

Sijui niandike nini.

Tuliicheza dukani. Mwanzoni nilitokwa na machozi kwa furaha. Kulikuwa na gitaa zito huko chini ambalo sikuwahi kulisikia. Ngoma zilikuwa kama mtu anabisha mlangoni kwako. Ila yule mwimbaji, ambaye miaka yote nilimdhani mtu mzima aliyeona mengi, kumbe ni kijana tu. Bila ule mchakacho wa kaseti, anasikika akivuta pumzi kabla ya kila mstari, na ana woga. Nilimwonea huruma. Nikajionea huruma na mimi, maana wakati ule nilikuwa kijana vilevile na sikujua.

Kisha wimbo wa tatu. Gitaa likanyamaza. Nikainua kidole nimwonyeshe Peterson.

Kimya.

Wamemwondoa mke wangu! Nikamwambia Peterson airudishe nyuma. Kimya kilekile, safi kabisa. Nikamtaka anieleze ni nani aliyewapa ruhusa.

"Baba Dorine," akasema, kwa jina la binti yetu, "hiyo kicheko haikuwa ya bendi. Mliirekodi wapi?"

Nikamwambia Merigi, kwa binamu yangu Kimeli. Kimeli alikuwa na santuri. Tuliweka redio kaseti mbele ya spika, ndama akaingia sebuleni akaanza kulamba pazia, Abigael akacheka. Peterson akaniuliza kama nilitarajia wamsafishe na ndama.

Mtu wa biashara hawezi kuelewa muziki.

Ijumaa, 7 Novemba

Asubuhi nilikunywa mursik na akili ikaja. Maziwa matupu ukiyaacha kibuyuni yanachacha tu. Ni mkaa wa mti wa senetwet unaoyafanya mursik. Mama alinifundisha: unachoma kijiti, unasugua kibuyu ndani mpaka kinanukia, ndipo unatia maziwa. Sasa hii sidii ni maziwa yasiyotiwa mkaa! Shida ni usafi. Ile kaseti ilikuwa na moshi wa jikoni, na vidole vyetu, na vumbi la Merigi.

Nikachoma senetwet. Nikachukua ile brashi ya vibuyu ya Abigael, nikasugua sidii kwa upole, upande ule unaong'aa, mpaka ikanukia vizuri sana.

Peterson alikataa kuitia kwenye mashine yake. Nikaipangusa kwa shati. Akakubali kwa bata mmoja. Wimbo wa kwanza, kelele kidogo. Wa pili, vizuri. Wa tatu ukafika pale gitaa linaponyamaza, ile pumzi ya mwimbaji ikanasa. He-he-he-he-he.

Abigael! Mwenyewe!

Peterson akasema imekwaruzika. Wivu huo.

Jumamosi, 8 Novemba

Kabianga. Peterson alikuja na redio yake kubwa ya betri inayocheza sidii na kaseti, maana haniamini nayo. Nilibeba sukari, majani ya chai, blanketi la mzee na sidii kifuani. Nilianguka mara tatu kabla ya kufika. Blanketi lilifika likiwa la rangi nyingine.

Mzee Chepyegon, baba mkwe wangu, alikuwa ameketi kwenye kibaraza. Nyuma yake niliona miche ya chai kwenye mifuko, mistari kwa mistari. Tulisalimiana. Akatazama mizigo yangu, akaniuliza niliambiwa nije na nini.

"Bila kitu, Baba," nikajibu, "lakini nimeleta."

Abigael akatoka jikoni. Amekonda. Nikataka kusema neno, lakini nikampa Peterson ishara. Wimbo wa tatu. Gitaa likanyamaza. He-he-he-he-he. Nikamwonyesha Abigael kwa kidole: wewe huyo!

Alinitazama. Mimi na matope yangu, na masizi ya senetwet shatini. Akacheka. Mungu wangu! Kilekile cha Merigi, kinachoanzia chini kisha kinapanda. Mzee naye akatabasamu. Kisha Abigael akapangusa macho, akanikaribia.

"Baba Dorine, mimi niko hapa. Kwenye hiyo sahani unatafuta nini? Sema tu ile neno, nichukue vitu zangu twende."

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Naapa lilikuwa limefika. Ndipo nikaona kitufe chekundu cha kurekodi kwenye redio ya Peterson.

Nikamwambia abonyeze haraka. Nikamwomba Abigael acheke tena, vilevile, lakini asogee karibu na mashine.

Aliingia jikoni akafunga mlango. Mzee akachukua jembe akaenda kwenye miche. Njia nzima Peterson hakuniomba hata kuku. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeketi peke yangu baada ya kanisa. Nilicheza kaseti ile, nikajisikiliza nikiahidi mizani ya haki. Nina sauti mbaya. Nililia kidogo.

Jioni Kipngetich amepita. Abigael amechimba mashimo ya mstari wa kwanza. Bado hajatia mche hata mmoja. Ametuma neno la mwisho: kesho, mikono mitupu.

Nimewaza mpaka chai ikapoa. Kwa nini anakazania mikono? Mke wangu hasemi jambo bure. Kisha nikaelewa, na moyo ukatulia kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze.

Mashine ataibeba Peterson.