Kanuni za Haki Tupu

Jumatatu, 16 Juni 2025
Nimepewa kazi! Ligi ya chesi mtandaoni, timu nne: sisi Bariadi Mjini, Lagangabilili, Nkololo na Nassa. Makapteni wamekubaliana mimi ndiye niandike kanuni, na siku za mechi nipange mimi. Wamesisitiza ziwe za haki. Haki tupu, nikawaambia. Mungu anisamehe.

Tunaanza na Nkololo. Tajudin, muuza misumari na mchezaji wetu, katangaza kwenye kundi la wasapu kwamba tukifungwa nimwachie ukapteni. Wote wakaweka dole gumba. Wote! Hata Twaibu niliyemfundisha mimi farasi anavyotembea! Ukapteni ndiyo heshima pekee niliyo nayo mji huu. Simwachii mtu.

Jumatano, 18 Juni
Dawa imepatikana. Nkololo ni wafugaji, na Jumamosi ni mnada kwao. Nani atakaa kucheza chesi ng'ombe wakiuzwa? Basi: mechi Jumamosi saa nne asubuhi. Asiyeingia ndani ya dakika kumi, kapoteza. Hakuna kubadilisha mchezaji. Kamera ziwashwe, watu wasiibie kwa kompyuta. Hiyo ya mwisho ni ya haki kweli.

Nyanjige, kapteni wa Nkololo, kapiga simu. Nikajua analalamika. Kumbe kashukuru, kasema mdogo wangu, Mungu akubariki. Kafurahia nini huyu mama?

Jumamosi, 21 Juni
Balaa!

Saa nne Nkololo wameingia wote wanne. Wanawake tupu! Kwetu ni mimi na Tajudin tu. Twaibu hayupo, Zamda, mchezaji wetu wa nne, hayupo. Nikampigia Twaibu. Nasikia ng'ombe wanalia. Yuko mnadani Nkololo anauza mashati. Msimu wa pamba, wakulima wana hela, angekosaje? Zamda yuko meza ya jirani na vitenge vyake. Nikamsihi Twaibu waingie kwa simu. Akasema kapteni, subiri, namtafutia mteja chenji. Dakika kumi zikaisha chenji haijapatikana.

Pointi mbili zikaenda hivyo hivyo. Tajudin akashinda yake, mshenzi. Ikabaki yangu na Nyanjige. Nikishinda ni sare, ukapteni umepona. Nilikuwa mbele kwa farasi mmoja! Yeye anachambua mchicha mbele ya kamera, hana presha. Nikamuuliza wanaume wako wapi. Akasema mnadani, tangu alfajiri. Ndiyo siku pekee nyumba inatulia, angeambiwa achague siku mwenyewe asingepata nzuri kuliko hii. Hapo nikamlaani Twaibu moyoni, mkono ukasogeza malkia pabaya. Nyanjige akamla, akarudi kwenye mchicha.

Jumapili, 22 Juni
Tajudin ni kapteni. Imeniuma, sifichi. Kanuni wameniachia, eti kuchapa kunachosha.

Wajinga! Nitawashindia mechi ya Nassa, wenyewe waje kunibembeleza niurudie ukapteni. Na nimejifunza: kabla ya kupanga siku, chunguza watu wako kwanza. Wavuvi wa Nassa hukesha ziwani, mchana wamelala fofofo. Basi mechi ni Ijumaa saa saba mchana. Na watu wangu nimewachunguza vizuri. Kila Ijumaa saa hiyo duka la Tajudin limefungwa, la Twaibu limefungwa, wenyewe wamevaa kanzu safi. Wana nafasi tele.